Kuoza kwa plastiki yenye nyuzi za mimea

Plastiki yenye nyuzi za mimea hutengenezwa kwa kuyeyusha plastiki na kuichanganya na katani, unga wa mbao au pumba za mpunga kabla ya kufinyangwa. Huko Kalama, kaunti ya Machakos, malighafi ya mmea iko mlangoni: mkonge hupandwa mipakani mwa mashamba, na akina mama wa Ukambani wamesokota katani na kusuka vyondo kwa vizazi vingi. Kiondo cha katani tupu kikiachwa shambani huoza. Je, plastiki iliyotiwa katani nayo huoza? Haiozi, isipokuwa plastiki yenyewe iwe ya aina inayooza.

Takribani theluthi mbili ya katani ni selulosi, ambayo vimeng'enya vya kuvu na bakteria huikata kuwa sukari. Lignini iliyomo huchukua muda mrefu zaidi. Polithini na polipropilini ni minyororo mirefu ya kaboni isiyopenyeka maji, mikubwa mno kuingia katika chembe ya bakteria, na vimeng'enya vya udongoni karibu havina pa kuishika. Hata hivyo hizo ndizo zinazochanganywa sana na nyuzi, kwa kuwa huyeyuka kabla ya nyuzijoto 200, kiwango ambacho nyuzi za mmea huanza kuungua.

Wingi wa nyuzi una uzito wake. Zikiwa chache, kila moja hufunikwa na plastiki na vijidudu havifiki. Zikiwa nyingi kiasi cha kugusana, unyevu hupata njia hadi ndani. Katani hunywa maji ikavimba, kisha hukauka ikasinyaa, na plastiki iliyoizunguka hupata nyufa. Kalama ina mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, na kati yake kiangazi kikali, kwa hiyo mzunguko huo hujirudia kila mwaka, huku jua likichakaza uso wa kifaa. Mwishowe kifaa hubomoka. Kubomoka huko wengi hukuita kuoza, na hapo ndipo mnunuzi hupotoshwa: katani imeliwa, plastiki imebaki vipande vidogo ambavyo hakuna awezaye kuviokota.

Vipimo navyo huweza kupotosha. Kipande chenye katani asilimia 30 kikizikwa na kupungua uzito kwa asilimia 20, upungufu wote waweza kuwa wa katani. Kipimo cha kuaminika ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka. Kiwango cha Ulaya, EN 13432, hudai asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa hiyo ndani ya miezi 6, katika mboji ya kiwandani yenye joto la takribani nyuzijoto 58. Udongo wa Kalama haufiki joto hilo. Ndiyo maana plastiki ya PLA, itokanayo na sukari ya mahindi, yaweza kupita mtihani huo na bado ikakaa miaka shambani. Plastiki za PHA, zinazotengenezwa na bakteria, huliwa hata katika udongo wa kawaida, na nyuzi zilizomo mara nyingi huharakisha kazi kwa kuingiza maji.

Kuna mvutano pia. Watengenezaji hutumia viunganishi vya kemikali ili katani ishikamane na plastiki. Kifaa huwa imara na hunywa maji kidogo, na kwa sababu hiyohiyo huchelewa kuoza. Kwa nguzo ya ua hilo ni jema. Kampuni ya EcoPost, iliyoanzishwa Nairobi na Lorna Rutto, hutengeneza nguzo za plastiki chakavu, na thamani yake ni kwamba zinadumu. Kiriba cha miche ni jambo jingine, kwani hutumika miezi michache tu.

Sheria nazo zimegusa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4. Umoja wa Ulaya, mwaka 2021, ulizuia plastiki zilizotiwa kemikali za kuzivunja vipande. Anayeuziwa kiriba au sahani ya "plastiki ya mkonge" amwulize muuzaji ni plastiki gani iliyochanganywa na katani hiyo, inaoza katika joto lipi, na kwa muda gani. Asipojibiwa, aihesabu kuwa plastiki ya kawaida, wala asiizike shambani.