Kwa nini joto na vumbi la jangwani hulemaza vifaru vya kivita

Mwezi Septemba na Oktoba mwaka 2001, majeshi ya Uingereza na Oman yalifanya luteka kubwa ya pamoja nchini Oman, iliyopewa jina la Saif Sareea II, yaani Upanga wa Haraka. Uingereza ilipeleka huko wanajeshi zaidi ya 20,000 pamoja na vifaru zaidi ya 60 vya aina ya Challenger 2. Hakukuwa na adui aliyefyatua risasi, lakini vifaru vingi vilikwama. Ripoti ya taasisi inayokagua hesabu za serikali ya Uingereza, iliyotolewa mwaka 2002, ilieleza kwamba baadhi ya vichujio vya hewa viliziba kwa vumbi baada ya saa nne tu za kazi.

Mkasa huo unaonesha jinsi jangwa linavyoweza kudhoofisha hata silaha za kisasa kabisa.

Injini na pumzi yake

Kifaru cha Challenger 2 kina uzito unaozidi tani 60, na husukumwa na injini ya dizeli yenye nguvu za farasi 1,200. Injini ya namna hiyo huvuta hewa nyingi mno. Jangwani, hewa hiyo imejaa vumbi laini kama unga linalotimuliwa na minyororo ya kifaru chenyewe na ya vile vilivyotangulia. Vumbi likipenya, husaga sehemu za ndani za injini. Likizuiwa, huziba kichujio na injini hukosa pumzi.

Joto nalo huongeza mzigo. Hewa yenye nyuzijoto 50 za Selsiasi ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko hewa yenye nyuzijoto 15, hivyo injini hupata oksijeni pungufu na nguvu zake hupungua. Rejeta nayo hufanya kazi kwa taabu, kwa kuwa maji ya moto hayapoi upesi pale hewa ya nje yenyewe inapounguza.

Kifaru cha Kimarekani cha Abrams, ambacho hutumia injini ya tabo yenye nguvu za farasi 1,500, huhitaji hewa nyingi zaidi. Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, askari walilazimika kusimama mara kwa mara ili kukung'uta vichujio. Baadaye ulibuniwa mfumo unaopuliza vumbi na kulitoa nje bila ya kufungua kichujio.

Minyororo, mtutu na shabaha

Mchanga ulioingia katika viungo vya minyororo hukwangua chuma kama tupa, na mpira wa magurudumu huchakaa upesi juu ya ardhi ya moto yenye mawe. Vipuri ambavyo kwingine vingedumu kwa miezi huweza kumalizika katika muda mfupi.

Mtutu wa mzinga pia huathirika. Jua likiupiga upande mmoja, chuma hupanuka bila ya ulinganifu na mtutu hupinda kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho lakini kinachotosha kupotosha shabaha ya mbali. Kwa sababu hiyo mitutu ya kisasa huvishwa ala ya kuzuia joto. Baruti iliyopata joto huongeza kasi ya kombora, na kompyuta ya kulengea ni lazima izingatie jambo hilo. Mazigazi yanayocheza juu ya ardhi humhadaa mlengaji mchana. Kamera zinazotambua joto nazo hudhoofika alfajiri na magharibi, wakati ambapo chuma na ardhi huweza kuwa na joto linalokaribiana.

Watu walio ndani

Ndani ya Challenger 2 wamo askari wanne, wakiwa wamezungukwa na chuma kilichochomwa na jua, injini na vyombo vya umeme. Joto la mwili likifikia nyuzi 40, mtu huweza kuchanganyikiwa na hata kupoteza maisha. Kwa hiyo maji ya kunywa huwa na umuhimu sawa na mafuta na risasi, na kila lita yake huhitaji lori la kuifikisha.

Funzo la Oman

Oman yenyewe ilikuwa imeagiza vifaru 38 vya Challenger 2 katika miaka ya 1990, na vyake vilifanyiwa marekebisho ya kuvipooza vilingane na hali ya hewa ya nchi. Umoja wa Falme za Kiarabu nao uliponunua vifaru vya Kifaransa vya Leclerc, ulichagua viwekewe injini ya Kijerumani badala ya ile ya Kifaransa. Uingereza, kwa upande wake, iliona kuwa gharama ya kuvitayarisha vifaru vyake kwa ajili ya luteka ya 2001 ilikuwa kubwa mno.

Gharama hiyo haikuepukika. Kabla ya uvamizi wa Iraq mwezi Machi 2003, vifaru vya Uingereza vilifungwa vichujio bora na mapazia ya kuzuia vumbi pembeni, na kazi hiyo ilikamilika muda mfupi tu kabla ya mapigano kuanza. Lau vita vingetangulia, askari wanne wa kila kifaru wangeingia vitani wakitegemea injini ambayo huenda ingezimika kabla ya jua kutua.