Stempu za Kongo zilipoacha kusafiri

KINDU – Kuna stempu ya zamani ya Kongo, ya bei ya santimu 10, inayoonyesha maporomoko ya maji ya Stanley. Leo yanaitwa Boyoma, na yako karibu na Kisangani, pale ambapo mto Lualaba unaacha jina lake na kuanza kuitwa mto Kongo. Maji yanayopita hapa Kindu, kati ya Kasuku na Alunguli, ndiyo yanayoanguka pale. Stempu hiyo ilitolewa mwaka wa 1894.

Stempu mpya yenye jina la nchi hiihii inaweza kuonyesha mwigizaji wa sinema wa Marekani, treni ya Ulaya, au dinosaria. Jambo hilo linawaudhi watu wanaokusanya stempu za Kongo, Ubelgiji na penginepo. Wanasema picha zimepoteza maana, na kwamba stempu nyingi za siku hizi hazijawahi kubandikwa juu ya barua.

Kwa mtu aliyekimbia vita na kuacha nyumba nyuma, lalamiko hilo linaweza kuonekana kama mchezo wa watu walioshiba. Lakini ukilifuata historia yake, linafika mpaka kwenye mfuko wa makaratasi ambao familia nyingi zimebeba kichwani.

Kichwa cha mfalme, kisha mto

Stempu za kwanza za Kongo zilianza kutumika tarehe 1 mwezi wa kwanza 1886. Zilikuwa na kichwa cha Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja. Mwaka huohuo Kongo iliingia katika Umoja wa Posta wa Dunia, ulioanzishwa mwaka wa 1874.

Mwaka wa 1894 zikaja stempu za picha. Zilichorwa kwa kufuata kazi za wachoraji Robert Mols na Piet van Engelen, na zikachapwa London na kampuni ya Waterlow. Zilionyesha bandari ya Matadi, daraja la reli la Mpozo, uwindaji wa tembo, na baadaye masua ikisafiri mtoni. Kila picha ilichongwa kwanza juu ya chuma, mstari kwa mstari, na fremu ilikuwa na rangi yake. Wakusanyaji wengi wanaziheshimu kuliko zote. Picha hizo ziliendelea kutumika zaidi ya miaka 25, zikibadilishwa rangi na maandishi tu.

Hata hivyo, uzuri wa picha haukuwa ukweli wote. Katika miaka hiyohiyo watu wa Kongo walikuwa wanalazimishwa kuleta mpira wa msituni, na walioshindwa waliadhibiwa kikatili. Hakuna stempu iliyoonyesha hayo. Anayesema stempu za kale zilikuwa nzuri, akumbuke pia zilichoficha.

Jina likibadilika, chapa inapigwa juu

Wakusanyaji wa Kongo wanapenda kitu kingine ambacho mtu wa kawaida angekiona ni uchafu: maandishi yaliyopigwa juu ya picha. Kila serikali ilipobadilika, stempu za zamani zilikuwa bado zimejaa sandukuni. Badala ya kuzitupa, posta ilizipiga chapa ya jina jipya.

Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka wa 1908 Ubelgiji ilichukua nchi kutoka mikononi mwa mfalme, na stempu zikapigwa maneno «CONGO BELGE». Nyingine zilipigwa Bruxelles, nyingine hapahapa Kongo kwa mkono, ndiyo maana herufi zimepinda. Mwaka wa 1910 likaongezwa jina la Kiflama, Belgisch Congo. Mwaka wa 1916, askari wa Kongo walipokuwa wamewashinda Wajerumani upande wa Ruanda na Urundi, stempu za Kongo zilipigwa maneno ya kusema kwamba eneo lile liko chini ya jeshi la Ubelgiji.

Mwaka wa 1960 mambo yakawa vilevile. Stempu za maua, zilizotolewa tangu miaka ya 1950, zilipigwa neno moja tu: «CONGO». Neno la pili, Belge, lilikuwa limekwisha. Muda mfupi baadaye Katanga na Kasai ya Kusini zilijitenga, na kila moja ikawa na stempu zake. Kisha, tarehe 27 mwezi wa 10 mwaka wa 1971, nchi ikaitwa Zaïre, na stempu zikafuata jina hilo.

Miaka ya 1990 bei ndiyo iliyopigwa juu. Zaïre, ile pesa, ilikuwa inaanguka kila wiki. Wazee wa Kindu wanakumbuka noti ya milioni tano. Mwaka wa 1993 zaïre mpya moja ilihesabiwa sawa na milioni tatu za zamani. Stempu iliyochapwa kwa bei ya makuta haikuwa na thamani tena, ikabidi ipewe bei mpya kwa chapa nyeusi. Mtu akipanga stempu hizo kwa mfuatano, anaona njaa ya nchi bila kusoma kitabu.

Barua ya Kindu ilipitia wapi

Kindu ilikuwa mji wa barua kwa sababu ilikuwa mji wa kubadilisha chombo. Kampuni ya reli ya CFL ilianzishwa mwaka wa 1902 kwa mtaji wa Baron Empain wa Ubelgiji, na kwa muda mrefu mji wenyewe uliitwa Kindu-Port-Empain. Treni ilileta mizigo na barua kutoka Kongolo. Hapa zilipakiwa masuani mpaka Ponthierville, leo Ubundu, kisha zikapanda treni nyingine mpaka Stanleyville, ambayo ndiyo Kisangani. Kuanzia mwaka wa 1920, ndege za kutua majini za kampuni ya LARA zilianza kubeba barua juu ya mto Kongo, na posta ikatoa stempu za kwanza za barua za ndege.

Kwa hiyo stempu ilikuwa na kazi. Ilikuwa risiti ya nauli ya barua. Karani aliipiga muhuri wenye jina la mji na tarehe, na kuanzia saa hiyo karatasi ile ndogo ilikuwa shahidi kwamba mtu fulani alikuwa mahali fulani siku fulani.

Kazi hiyo ilipungua. Vita vya 1998 vilikata reli na barabara, na barua za Maniema zikapita mikononi mwa wasafiri. Ilipokuja simu, salamu zikapita hewani, na pesa nazo zikafuata. Watoto wengi wa Kindu leo hawajawahi kulamba stempu.

Stempu isiyojua posta

Hapo ndipo kuna shina la uchungu wa wakusanyaji. Barua zilipungua, lakini stempu ziliongezeka. Kampuni za nje huchapa stempu zenye majina ya nchi ambazo watu wake hawaandiki barua nyingi, kisha huziuza moja kwa moja kwa wakusanyaji wa Ulaya, Amerika na Asia. Nyingine zinachapwa kwa mkataba na posta ya nchi. Nyingine zinachapwa bila ruhusa yoyote, na jina la Kongo limetumiwa hivyo pia. Mwaka wa 2002 Umoja wa Posta wa Dunia ulianza kuweka orodha yenye namba kwa kila stempu ambayo nchi imeithibitisha, ili halali itengwe na ya wizi.

Nchi maskini ikiuza stempu kwa mgeni na pesa ikaingia posta, hakuna wa kulaumu. Hata Zaïre ilitoa stempu za pigano la Mohamed Ali na George Foreman la mwaka wa 1974, na wageni walizinunua kwa furaha. Lakini pigano lile lilifanyika Kinshasa. Stempu ile ilikuwa na sababu ya kubeba jina la nchi. Dinosaria hana.

Malalamiko kama hayo yako Marekani kuhusu kadi za wachezaji wa besiboli. Zamani kadi iliwekwa ndani ya paketi ya sigara, baadaye ndani ya paketi ya chingamu, na mtoto aliipata akinunua kitu kingine. Sasa kadi inang'aa, inachapwa kwa namna kumi tofauti, na inauzwa yenyewe, ikiwa imeshatengenezwa iwe adimu. Wakusanyaji wa zamani wanasema imekuwa nzuri machoni, lakini haikuishi maisha yoyote kabla ya kufika mikononi mwao. Ndivyo wanavyosema wale wa stempu za Kongo.

Msibandue

Katika hayo yote kuna somo kwa familia za hapa. Wakusanyaji wenye uzoefu siku hizi wanathamini bahasha nzima kuliko stempu peke yake, kwa sababu bahasha ina njia: imetoka wapi, imepitia wapi, imefika lini. Stempu ikiloweshwa majini na kubanduliwa, muhuri unakatika na habari inapotea.

Familia iliyotoka Kabambare, Punia au Kivu na mfuko wa makaratasi inaweza kuwa na barua moja ya babu aliyefanya kazi kwenye reli au mgodini. Barua hiyo si hati ya serikali. Lakini inaweza kuwa karatasi pekee yenye jina la babu, jina la kijiji na tarehe pamoja. Iwekwe mahali pakavu, ndani ya kitabu au bahasha nyingine ya karatasi. Isibandikwe gundi wala skochi. Akija mtu kutaka kununua stempu, asikatiwe kipande, na kwanza jamaa wote waisome barua na kunakili majina yaliyomo.

Picha ya maporomoko ya mwaka wa 1894 inapatikana kwa wauzaji wengi duniani. Bahasha yenye muhuri wa Kindu na jina la babu iko moja tu, na mwenye kuitunza ni yule aliyeibeba.