Mpaka Uliomo Wodini: Udhibiti wa Maambukizi Busia na Malaba

Kila mlipuko wa ugonjwa unapotangazwa Uganda au mashariki ya Kongo, wapigapicha hukimbilia Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Picha wanazorudi nazo hufanana: afisa wa afya aliyevaa barakoa, kipimajoto mkononi, dereva wa lori akiwa ameinamisha kichwa kupimwa. Picha hiyo ina ukweli wake, lakini imetuzoesha kuamini kwamba ulinzi wa Kenya magharibi unaanzia na kuishia kwenye lango la forodha. Makala hii inadai kwamba mahali panapoamua kama maambukizi yatazimwa au yatasambaa ni benchi la wagonjwa wa nje, chumba cha kujifungulia na wodi za vituo vilivyo kilomita chache kutoka malango ya Malaba na Busia: Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, hospitali za Alupe na Kocholya, na zahanati na kliniki za watu binafsi zilizo kati yake. Huko ndiko fedha na usimamizi vinakopaswa kuelekezwa kwanza.

Hoja ya kwanza inatokana na mwenendo wa ugonjwa wenyewe. Aliyeambukizwa Ebola hukaa kati ya siku 2 na 21 kabla ya kuona dalili, na katika muda huo joto lake ni la kawaida na hamwambukizi mtu. Atapita Malaba bila kizuizi, na hakuna afisa wa kulaumiwa. Hatari huanza homa inapomshika akiwa nyumbani, naye akaenda kutafuta matibabu kwa kuamini ana malaria. Kwa hiyo anayekutana na virusi kwanza ni muuguzi. Kanada ilijifunza jambo hili mwaka 2003 wakati wa SARS. Mamilioni ya wasafiri walichujwa katika viwanja vya ndege bila kupatikana hata mmoja mwenye ugonjwa huo, ilhali Toronto virusi vilikuwa vikienea hospitalini, tangu mgonjwa mmoja alipokaa saa nyingi katika idara ya dharura ya Scarborough Grace akingojea kitanda.

Uganda ina ushahidi wa karibu na mchungu zaidi. Huko Gulu, mwaka 2000, Dkt. Matthew Lukwiya, aliyeongoza vita dhidi ya Ebola katika hospitali ya Lacor, alikufa kwa ugonjwa huo huo. Mlipuko wa Ebola ya virusi vya Sudan uliotangazwa Septemba 2022, ukianzia Mubende, ulithibitishwa kwa watu 142. Wahudumu wa afya walioambukizwa walikuwa 19, na 7 kati yao walikufa. Kisha katika mlipuko wa Januari 2025, mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi wa hospitali ya Mulago. Alikuwa amezunguka vituo kadhaa akitafuta nafuu, ikiwemo hospitali ya rufaa ya Mbale, na hata kwa mganga wa kienyeji, kabla ya kufariki Kampala. Mbale haifiki kilomita 100 kutoka Malaba. Mtu mwenye taaluma, aliyefundishwa kuzitambua dalili, alipita milango yote hiyo kabla ugonjwa haujajulikana. Tutarajie nini kwa mchuuzi wa samaki wa Busia?

Mpinzani wa hoja hii atanikumbusha Agosti 2024, ambapo kisa cha pili cha mpox nchini Kenya kiligunduliwa Malaba kwa dereva wa masafa marefu aliyetoka Kongo. Nakubali. Mpox huacha vipele vinavyoonekana, na macho ya afisa makini yanatosha kumtenga mgonjwa. Lakini mafanikio hayo ni ya ugonjwa unaojionyesha. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipolazimisha upimaji wa madereva, foleni ya malori ilinyooka kwa makumi ya kilomita, na watu waliokuwa wakisubiri majibu siku kadhaa walikula, walilala na kuoga pamoja kando ya barabara. Maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) iliyoko Alupe ilifanya kazi kubwa. Hata hivyo, jibu la sampuli iliyochukuliwa siku tatu zilizopita humweleza daktari hali ya dereva wakati ule. Kilichompata folenini baadaye halikijui.

Isitoshe, lango lenyewe ni sehemu ndogo ya mpaka. Wateso wako pande zote mbili, Wasamia vivyo hivyo. Matanga ya upande huu huhudhuriwa na ndugu wa upande ule, na njia za panya hazijawahi kufungwa na amri yoyote. Mgonjwa aliyepakiwa bodaboda usiku haulizi serikali ipi imejenga kituo. Anaulizia kilicho karibu, chenye dawa, na kinachokopesha.

Basi tuingie ndani ya kituo hicho. Jambo la kwanza ni benchi. Mwenye kikohozi cha wiki tatu, mjamzito na mtoto mwenye surua hukaa bega kwa bega hadi kadi zao ziitwe. Kuwatenganisha hakuhitaji mashine: panatakiwa mtu mmoja mlangoni mwenye maswali machache, mahali pa pembeni pa kungojea, na mamlaka ya kumpitisha mbele anayekohoa hata foleni ikinung'unika. Hewa nayo ina somo lake. Utafiti uliofanywa Lima na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango hewa ilibadilika kiasi cha mara 28 kwa saa, ikilinganishwa na mara 12 katika vyumba vilivyotegemea mitambo. Majengo ya zamani yenye dari ndefu yaliyashinda mapya. Naona kejeli kidogo tunapobomoa veranda pana ili kujenga korido zilizofunikwa vigae, kisha tukasubiri wafadhili watuletee feni.

Jambo ninalotaka kulikazia zaidi ni klorini, kwa sababu hapa ndipo elimu ya vitabuni inapoachana na ndoo. Jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 huchanganywa kipimo kimoja kwa sita vya maji ili kupata asilimia 0.5, inayotumika palipomwagika damu. Mchanganyiko hudhoofika kwa mwanga na joto, hivyo wa jana haufai kutegemewa leo. Damu hufyonzwa kwanza kwa kitambaa, maana ikiachwa itaimaliza nguvu klorini kabla haijawafikia vijidudu. Anayefanya hesabu hiyo si daktari wala muuguzi, ni mfanya usafi, mara nyingi kibarua wa mkandarasi ambaye mkataba wake hautaji mafunzo wala chanjo ya homa ya ini. Mwongozo wa kitaifa wa kuzuia maambukizi uliotolewa mwaka 2010 umeandikwa kwa Kiingereza. Karatasi moja ya Kiswahili na Kiteso, iliyobandikwa juu ya sinki pamoja na michoro ya vikombe saba, ingefanya kazi ambayo semina za hotelini hazijaifanya.

Kwa nini basi macho yabaki langoni? Jibu moja ni la kikatiba. Chini ya Katiba ya 2010 vituo vya afya vya kaunti ni jukumu la kaunti, lakini maafisa wa afya wa mpakani ni wa Wizara ya Afya. Mlipuko ukitangazwa, Nairobi hutuma vipimajoto kwa watu wake, na Kaunti ya Busia hubaki ikitafuta glavu katika bajeti iliyokwisha kupangwa. Lakini maambukizi ya wodini hutokea hata pasipo mlipuko: Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 15 kati ya kila 100 waliolazwa hupata angalau ambukizo moja hospitalini. Hao hawangoji Ebola. Ni mama aliyefanyiwa upasuaji na kidonda kikaoza, ni kichanga chenye sepsisi, na hakuna kamera inayowafuata.

Pendekezo langu ni dogo kwa makusudi: sehemu maalumu ya kila shilingi ya dharura inayopelekwa lango la Busia au Malaba ifungiwe kisheria kwa vituo vinavyolizunguka, na isimamiwe kwa pamoja na Wizara na kaunti. Mahali pa kuanzia ni dawa ya kusafishia mikono. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ni ethanoli asilimia 80, gliserini na haidrojeni peroksaidi kidogo. Mfamasia wa hospitali anaweza kuitengeneza kwa pipa na vipimo vya kawaida. Ethanoli, kwa taarifa ya wanaoishi mbali na huku, haijawahi kuwa adimu Busia. Maafisa wa ushuru huikamata ikivushwa kimagendo kwenda kuwa pombe. Inayonunuliwa kihalali kutoka viwanda vya miwa vya magharibi ingetosha kuweka chupa kwenye kila kitanda.