Kidudu cha Muhogo na Nyigu wa Paraguay

Atokaye Kolwezi kwenda Nzilo, ambako mto Lualaba ulizibwa kwa bwawa kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, huona mashamba ya mahindi na mihogo. Watu wa mbali husema nchi hii huishi kwa shaba. Lakini mezani huja bukari na sombe. Kwa hiyo habari ya magonjwa ya muhogo yatuhusu sana.

Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16. Ulipovuka bahari uliwaacha nyuma adui zake wengi, nao wakulima wetu wakafaidi bahati hiyo bila kuijua.

Mwaka 1973 bahati ikakatika. Huko Kinshasa ilionekana mihogo iliyodumaa, majani ya kileleni yamejikunja kama ngumi, na juu yake vidudu vyeupe kana kwamba vimenyunyiziwa unga. Kabila hilo halina dume: kila kidudu ni jike, nacho hutaga mayai mamia peke yake. Kimoja kikipanda gari ndani ya mzigo wa vijiti vya mbegu, basi kabila zima limesafiri. Kabla ya miaka 15 kupita kilikuwa kimefika Senegal upande wa magharibi na Malawi upande wa kusini-mashariki. Na mwenye kutazama ramani ataona ni nchi ya nani iliyo katikati. Palipopigwa sana, mavuno yalipotea hata sehemu 8 katika 10. Sombe nayo ikaadimika, na mbegu pia.

Dawa ya kunyunyizia? Mwenye jembe la mkono hana fedha yake. Wataalamu wa Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Mswisi Hans Herren, waliuliza swali jingine: huko kwao kidudu hiki huliwa na nani? Walitafuta miaka kadhaa. Mwaka 1981 kilipatikana Paraguay, na pamoja nacho nyigu mdogo sana, ambaye hutaga yai ndani ya kidudu. Mtoto wake hukitafuna kutoka ndani. Nyigu hao walipelekwa kwanza Uingereza kuchunguzwa, wasije wakaleta msiba mwingine, ndipo wakafunguliwa Nigeria mwaka ule ule. Kwa maoni yangu, uchunguzi huo wastahili sifa kuliko yote, ingawa wasimuliaji huuruka. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Lakini nyigu hawezi kitu juu ya batobato, ule ugonjwa wa madoa ya manjano ulioandikwa kwanza huko Usambara mwaka 1894. Huenezwa na nzi weupe wadogo, na tena kwa mikono yetu wenyewe, kwa kuwa kijiti kilichokatwa kwenye mti mgonjwa huota kigonjwa. Hapa hakuna wa kungojewa kutoka Paraguay. Mama anayetaka mbegu kandokando ya ziwa la Nzilo apite shambani majani yakiwa bado juu, aifungie kamba mihogo iliyo mizima. Maana majani yakiisha kuanguka, mti mzima na mti mgonjwa hufanana.