Kabla Utupe Leja: Watu wa Hesabu Ndio Walileta Kompyuta Ofisini

Kama uko mwaka wa pili ama wa tatu wa B.Com, na kila usiku unafungua video za kujifunza kuandika programu wenzako wakilala, hii ni yako. Najua swali linalokunyima usingizi. Hii miaka yote ya debiti na krediti imeenda bure? Mimi niliacha hiyo kozi mwaka wa tatu juu karo ilikataa, nikaingia upande wa teknolojia, kwa hivyo hilo swali naulizwa karibu kila wiki.

Wengi hulijibu kwa maneno matamu ya kutia moyo. Mimi nitalijibu kwa historia, juu hii historia hakuna mtu huifundisha. Darasa la biashara halina wakati nayo. Darasa la kompyuta linaanza na wanahesabu na wanajeshi, halafu linaruka hadi vijana wa Marekani kwenye gereji. Katikati pale kuna hadithi imeachwa, na hiyo ndiyo yako.

Twende London. Kulikuwa na kampuni inaitwa J. Lyons, inauza chai na keki. Haikuwa ya kutengeneza mashine, ni ya mikahawa. Lakini ilikuwa kubwa, yenye maelfu ya wafanyakazi, na makarani wengi wa kujumlisha risiti ndogo ndogo za watu waliokunywa chai na kula kipande cha keki. Faida kwa kila risiti ilikuwa kidogo sana. Ukikosea gharama kidogo tu, na unauza vitu milioni, umeumia.

Mwaka wa 1947, Lyons ikatuma mameneja wawili wa ofisi, Oliver Standingford na Raymond Thompson, waende Marekani kuona vile ofisi za huko zinaendeshwa baada ya vita. Huko wakasikia habari za mashine mpya za elektroniki za kufanya hesabu. Wenye mashine walikuwa wanafikiria hesabu za kisayansi na za kijeshi. Hawa wawili wakaona kitu kingine kabisa: hii mashine inaweza kulipa mishahara. Tena wakaambiwa kuna watu wanaunda mashine kama hiyo huko kwao Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge. Kampuni ya chai ikatoa pesa kusaidia Cambridge, na fundi mmoja juu yake. Mashine ya Cambridge, EDSAC, ilianza kufanya kazi 1949. Halafu Lyons wakajenga yao, wakaiita LEO.

Tarehe 29 Novemba 1951, LEO ikaanza kazi ya kawaida ya kila wiki: kukokotoa thamani ya mikate na keki zilizotoka kwenye viwanda vya Lyons. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa kazi ya kwanza ya biashara kufanywa kwa kompyuta mara kwa mara. Kompyuta iliingia ofisini kupitia mlango wa bekari. Baadaye ikapewa mishahara. Hesabu ya mshahara wa mtu mmoja, ambayo karani mzoefu alimaliza kwa dakika 8, LEO ilimaliza kwa sekunde 1.5.

Sasa hapa ndipo nataka usikize vizuri. Nani aliandika hizo programu? Siku hizo hakukuwa na digrii ya kompyuta ya kusomea. Lyons walitafuta watu humo humo ndani, wakawapa kozi fupi ngumu, wakachagua waliofaulu. Mmoja aliitwa Frank Land. Alikuwa amesoma uchumi pale LSE, akaajiriwa Lyons 1952 kama karani, halafu akaingia kwa timu ya LEO. Msee wa uchumi! Baadaye alirudi LSE kama mwalimu, na akawa profesa wa mifumo ya habari. Mwingine ni Mary Coombs, aliyesoma Kifaransa chuoni. Leo anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuandika programu za kompyuta za biashara.

Na kazi yao haikuwa tu kuandika maagizo ya mashine. Angalia hii. Lyons ilikuwa na mikahawa mingi, na kila mmoja uliagiza vitu vya kesho kila siku. Mtu asiyejua biashara angesema kila meneja aandike oda yote upya, mashine isome. Timu ya LEO, chini ya David Caminer aliyekuwa ameingia Lyons kujifunza umeneja, ikafanya tofauti. Kila mkahawa ukawekewa oda yake ya kawaida ya kila siku ya wiki. Meneja akipigiwa simu anasema tu kilichobadilika: leo ongeza hii, punguza ile. Kazi ikapungua kabisa. Kufikiria hivyo hakukutoka kwa mashine, kulitoka kwa watu wanaojua mkahawa unaendeshwa aje.

Ukishaona hilo, utaliona kila mahali. Mwaka wa 1959, watu wa kompyuta Marekani walikaa chini kuunda lugha ambayo ingetumika kwa mashine tofauti tofauti. Waliiita COBOL, na jina lake refu lina neno biashara ndani. Walichota sana kutoka kwa lugha ya awali ya Grace Hopper, aliyeamini maagizo ya kompyuta yanaweza kuandikwa kwa maneno ambayo mtu wa ofisi anayaelewa. Hadi leo kuna benki zinaiendesha.

Halafu 1978, pale Harvard, mwanafunzi wa shule ya biashara anaitwa Dan Bricklin yuko darasani. Jedwali la hesabu liko ubaoni, na ukibadilisha namba moja inabidi ufute zote zinazofuata. Yeye alikuwa ametoka upande wa pili: alisomea kompyuta MIT na kufanya kazi ya programu, ndipo akaenda kusoma biashara. Akawaza, kama jedwali lingejihesabu lenyewe? Yeye na rafiki yake Bob Frankston wakaunda VisiCalc, ikaanza kuuzwa 1979. Kuna watu walinunua kompyuta ya Apple II kwa ajili ya hiyo programu tu. Hiyo Excel inayokutesa kwa atachimenti ni mjukuu wake.

Na hapa kwetu? M-Pesa. Sote tunajua ilizinduliwa Machi 2007. Wachache wanajua ilivyoanza. Majaribio yalianza Oktoba 2005, yakiwa na wateja chini ya 500, na lengo lilikuwa wateja wa Faulu Kenya walipe mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kuitumia vile hawakuambiwa. Walitumiana pesa. Kilichowasumbua waanzilishi wakati huo kilikuwa pia mambo ya leja: wakala awe na floti ya kutosha, na rekodi za simu zilingane na vitabu vya Faulu. Ukiondoa simu kwa M-Pesa, kinachobaki ni somo lako la uhasibu la mwaka wa kwanza.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Ule ukuta kati ya biashara na teknolojia umejengwa na vyuo na matangazo ya kazi, na ni wa juzi. Wa kwanza kuvuka walibeba leja mkononi, na leja ndiyo iliyowafanya wawe na maana kwa ile mashine.

Lakini nisikudanganye, kuna kitu kimebadilika, na ndicho watu wa kutia moyo hukwepa. Frank Land alijifunza akiwa kwa payroli. Kampuni ndiyo ililipa ile kozi. Kama angeshindwa, angerudi kwa kiti chake cha karani na mshahara wake. Wewe leo unavuka kwa pesa yako: bando ni zako, leptopu ni ya kukopa, mafunzo ya miezi michache yanakula karo ya semista, na HELB bado inakungoja. Kampuni zinataka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili kwa kazi ya mwanzo. Gharama ya kuvuka ilihamishwa kutoka kwa mwajiri hadi kwa kijana na mathe wake. Kwa hivyo ukiona imekuwa ngumu, usijiite mjinga. Daraja lilikuwa la bure, sasa lina tozo.

Ndio maana sitakuambia uache chuo. Land alikuwa na digrii yake, Coombs yake, na Bricklin alimaliza masomo yake. Kuacha kwangu hakukuwa mbinu, ilikuwa hali ya mfuko. Kama karo inalipika, maliza.

Lakini ukivuka, usifike kule kama mgeni asiye na kitu. Vijana wanaojua kuandika programu ni wengi. Wanaoelewa kwa nini mauzo ya duka na pesa iliyo kwa M-Pesa hazilingani jioni ni wachache. Anayejua VAT inaingia wapi, eTIMS inataka nini, chama kinagawa faida aje, SACCO inakata mkopo vipi, huyo ana swali la kuuliza mashine. Chukua biashara moja unayoijua, hata kama ni kibanda cha jirani, uiandikie kitu kimoja kinachopunguza kazi ya jioni. Lyons walianza na mikate.

Mzazi akikuuliza kwa nini umeacha mambo ya hesabu ukaingia kwa kompyuta, mwambie hujaacha. Mwambie tu kwamba leja ilihamia huko tangu 1951, na wewe umeifuata.