Homa ya Papasi: Joto Linaloondoka na Kurudi

Papasi ni kupe mwenye ngozi laini anayeishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za nyumba za udongo. Hutoka usiku, hunyonya damu ya aliyelala kwa nusu saa hivi, kisha hurudi ufani. Kuuma kwake hakusikiki sana, ndiyo maana watu wengi huugua bila kukumbuka kuwa waliumwa. Baada ya siku kadhaa huja baridi ya kutetemesha, kichwa na viungo huuma, na joto la mwili hupita nyuzi 39. Siku chache zikipita, joto hushuka ghafla kwa jasho jingi na mgonjwa huamini amepona. Baada ya wiki moja hivi homa humrudia, na asipotibiwa huweza kumrudia mara nyingi.

Ugonjwa huu ulikuwa mwenzi wa safari za karne ya 19. Katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, wapagazi na wafanyabiashara walilala katika vibanda vilevile, msafara mmoja baada ya mwingine. Papasi anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula, kwa hiyo kibanda kilichoachwa tupu msimu mzima hakikuwa salama zaidi ya kilichojaa watu. Tena alisafiri mwenyewe, amejificha katika mikeka na mizigo. David Livingstone alitaja katika kitabu chake cha mwaka 1857 madhara ya kuumwa na kupe wa namna hii, lakini kwa wageni wengi wa wakati huo kila homa ilikuwa homa tu, na dawa yake kwinini. Kwa homa ya papasi kwinini haikufaa kitu.

Chanzo kilianza kuonekana mbali na Afrika. Mwaka 1868 huko Berlin, Otto Obermeier aliona kwa hadubini viumbe vyembamba vilivyojisokota katika damu ya wagonjwa wa homa ya kurudiarudia inayoenezwa na chawa. Alitangaza matokeo yake mwaka 1873. Jambo la maana zaidi aliloliona ni kwamba viumbe hivyo vilikuwapo damuni homa ilipopanda, na vilitoweka ilipokwisha. Kwa mara ya kwanza kupanda na kushuka kwa joto kulifungamanishwa na kitu kinachoonekana kwa hadubini.

Mwaka 1904 Philip Ross na Arthur Milne, madaktari waliokuwa Uganda, walionyesha kwamba homa inayofuata kuumwa na kupe ina viumbe vya aina hiyo. Karibu wakati huohuo Joseph Dutton na John Todd walikuwa mashariki mwa Kongo wakichunguza jambo hilohilo, na walithibitisha kwa kima kwamba papasi ndiye mwenezi. Dutton mwenyewe aliugua homa hiyo na akafa Kasongo Februari 1905. Kiumbe hicho cha damuni, ambacho ni bakteria, kinaitwa Borrelia duttonii kwa kumbukumbu yake.

Mtafiti Mjerumani Robert Koch naye aliuchunguza ugonjwa huu katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, akikusanya papasi kwenye vituo vya misafara. Alipasua mayai yao akakuta bakteria ndani, maana yake papasi jike huwarithisha watoto wake ugonjwa hata kabla hawajamuuma mtu. Aligundua pia kuwa papasi walikuwamo katika vijiji vilivyo nje ya njia kuu, na kwamba wenyeji waliougua utotoni hawakusumbuliwa sana baadaye. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa rahisi: hema lipigwe mbali na vibanda vya zamani.

Lililobaki bila maelezo kamili ni joto lenyewe. Bakteria hawachomi mwili; mwili ndio unaojipasha. Chembechembe nyeupe za damu zinapokutana na adui hutoa kemikali zinazopeleka habari kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto. Huko hutengenezwa prostaglandini, na kiwango cha joto kinachotakiwa hupandishwa, kama vile mtu anavyoongeza moto chini ya chungu. Mwili ulio na nyuzi 37 sasa huhesabiwa kuwa baridi. Mishipa ya ngozini hubana, misuli hutetemeka kuzalisha joto, na mgonjwa huomba blanketi la pili ilhali paji lake linawaka. Kiwango kikishushwa, mishipa hufunguka na jasho humwagika. Mwaka 1971 John Vane alieleza kuwa aspirini huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini.

Kwa nini mwili ugharimike hivyo? Joto la juu huchangamsha kinga na hupunguza kasi ya vijidudu vingi. Mwaka 1975 Matthew Kluger na wenzake walionyesha, kwa mijusi wa jangwani walioambukizwa bakteria, kwamba waliowekwa kwenye joto kali zaidi walipona kwa wingi kuliko waliowekwa penye ubaridi. Lakini katika homa ya papasi joto peke yake halimalizi kazi. Kingamwili ndizo zinazowaua Borrelia, na wachache wanaosalia hubadilisha protini za ganda lao. Kinga haiwatambui, wanazaana upya, na homa inaanza tena.

Kuna wakati homa hii ilifanywa dawa. Baada ya Julius Wagner-Jauregg wa Vienna kuwaambukiza malaria wagonjwa wa kaswende ya ubongo mwaka 1917, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1927, madaktari wa Ujerumani walijaribu pia bakteria wa homa ya papasi kwa kusudi hilohilo. Leo jambo hilo linatisha, lakini wakati huo penisilini haikuwapo.

Sakafu za saruji na dawa za kuua wadudu zimempunguza papasi sehemu nyingi, ingawa amedumu katika nyumba za tembe za Tanzania ya kati, na wajawazito na watoto wachanga ndio wanaoumia zaidi. Tetrasaiklini na penisilini huponya. Saa chache baada ya dozi ya kwanza bakteria hufa kwa pamoja, joto hupanda kuliko lilivyokuwa na shinikizo la damu huweza kuanguka, ndiyo sababu mgonjwa hubakizwa kituoni chini ya uangalizi.