Daftari la Mchimba Visima

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda. Katika muda wa saa 24 hivi waliingia wakimbizi wapatao 250,000. Walipelekwa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara. Hapo palikuwa na njia ya malori na ziwa dogo.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya siku zile. Mimi leo nataka kuzungumzia maji tu.

Mpe kila mtu lita 15 kwa siku, kiasi ambacho mashirika ya misaada yanakihesabu kuwa ni cha chini, nawe utahitaji lita 3,750,000 kila kukicha. Ziwa dogo la maji ya mvua haliwezi kuaminiwa kiangazi kizima kwa mzigo kama huo. Je, tuchimbe visima? Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilikadiria kituo kimoja cha maji kwa watu 250. Kwa hesabu hiyo Benaco ingetaka vituo 1,000. Na si kila unapotoboa ardhi ya Ngara utakuta maji.

Sehemu kubwa ya Ngara na upande wa magharibi wa Biharamulo imekalia miamba ya kale mno: mchanga uliogeuka mawe magumu juu ya vilima, na tope lililogeuka mwamba mabondeni. Maji hayakai ndani ya jiwe lenyewe, yamo katika nyufa. Mchimbaji akikutana na ufa, kijiji kinashangilia. Akisogea hatua mia moja tu, aweza kutoboa mita 80 na kuambulia vumbi. Juu ya ardhi, pote panafanana.

Ndiyo maana naliheshimu sana daftari la mchimbaji. Humo huandikwa rangi na aina ya mwamba kwa kila kina, mahali maji yalipojitokeza kwanza, kimo yalipotulia, lita zilizotoka kwa saa, na jinsi maji yalivyoshuka pampu ilipoendeshwa mfululizo. Karatasi moja ni habari ya kisima kimoja. Zitandaze hamsini mezani pamoja na ramani ya vilima, toa kina cha maji katika mwinuko wa kila mahali, nawe utaanza kuona maji yanaelekea wapi chini kwa chini na nyufa zimefuata mkondo gani.

Karatasi hizo zimeandikwa kwa vipindi. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji vijijini, wakati Kagera ikiitwa bado Ziwa Magharibi. Mwaka 1985 ukaja mpango wa HESAWA, kwa msaada wa Sweden, ukachimba visima vifupi katika Kagera, Mara na Mwanza hadi mwaka 2002. Katikati yake ikaangukia dharura ya 1994, na mashirika yenye mitambo na mafaili yao. Wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996, na misaada ikapungua. Kisima hakihamishiki, lakini faili hubebwa.

Karatasi inayopotea upesi kuliko zote ni ile ya kisima kikavu. Palipo na mkataba wa "hakuna maji, hakuna malipo", mchimbaji ana sababu gani ya kuandika vizuri habari za shimo lililomtia hasara? Lakini katika miamba ya nyufa shimo kavu ni nusu ya ramani. Likisahauliwa, wakulima watauza ndizi na maharage, wachange, na mtambo uje kutoboa jirani na pale pale.

Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inataka uchimbaji wa visima usimamiwe na habari zake zitunzwe. Ni jambo jema kwa visima vipya. Kwa vile vya zamani, kazi ianzie vijijini: mafundi wa pampu na wazee waulizwe mitambo ilisimama wapi na wapi iliondoka kavu, kisha visima vilivyoachwa vipimwe upya. Kujua maji yametulia mita ngapi, yatosha kamba yenye alama na kitu kizito mwishoni.